Nani ailipe saa ya kivuli? Utafiti wa usalama kazini na vibarua wa chumvi wa Magarini

Chumvi haivunwi wakati wa mvua. Huku Magarini, kuanzia Gongoni hadi Marereni na Kurawa, kaskazini mwa Malindi kwenye pwani ya Kenya, maji ya bahari huingizwa kwenye madimbwi mapana yasiyo na kina, yakaachiwa jua na upepo, na mavuno hushika kasi kaskazi ikiwa imekolea, miezi ambayo mwenye hiari yake hukaa barazani akajipepea. Jua linalomwingizia mwenye kampuni fedha ndilo hilo hilo linalomkausha kibarua. Ushauri wowote wa usalama kazini usioanza kwa kulikubali jambo hilo hautaifaa Magarini, maana ule mwepesi kuliko wote, wa kuepuka jua kali, hapa ni sawa na kuwaambia watu wasivune.

Kwa hiyo mjadala wa kutumia utafiti katika kusimamia usalama na afya kazini ni mzito zaidi kwetu kuliko unavyosikika kwenye semina za hotelini. Wako wanaosema maarifa yapo tele na kinachokosekana ni kuyatumia: pima hatari, weka kumbukumbu, fuata ushahidi, acha mazoea. Wako wanaojibu kwamba tafiti hizo zilifanyiwa watu wengine, kwenye kazi nyingine, kwa fedha ambazo sisi hatuna, na kwamba aliyezeekea madimbwini hahitaji mgeni mwenye kompyuta aje kumweleza kuwa jua linaunguza. Wengi hudhani kundi hili la pili ni la mameneja na manyapara peke yao. Vibarua wamo pia, tena kwa sababu zao wenyewe, nami nitazirudia maana ndizo zilizonifanya niandike.

Kwanza, tunajua nini? India ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chumvi duniani, na kazi ya mikono ya huko ni ile ile ya kwetu: kusimama ndani ya maji makali ya chumvi, kukwangua, kukusanya marundo, kubeba. Kati ya 2017 na 2020 watafiti waliwapima vibarua 352 kwenye mashamba saba ya chumvi katika jimbo la Tamil Nadu. Karibu tisa kati ya kumi walikuwa wakifanya kazi kwenye joto lililopita kiwango kinachopendekezwa, na asilimia 7 hivi walikutwa na figo zilizopungua nguvu. Figo haziumi mapema. Mtu anaweza kuvuna kaskazi tano au kumi akijiona mzima, huku kila siku ya kukauka mwili ikizila kidogo kidogo.

Katika jimbo lingine la huko huko India, Rajasthan, utafiti uliochapishwa 2005 ulikuta kwamba waliofanya kazi karibu na vinu vya kusaga chumvi walikuwa na presha ya juu kuliko wenzao waliokuwa mbali na vinu. Vumbi la chumvi huingia puani na kinywani, likamezwa. Baadhi yao walipopewa barakoa na miwani kwa siku chache, presha yao ikashuka. Kundi lilikuwa dogo na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo nisingekimbilia kuapia matokeo hayo. Lakini ni nani Gongoni angefikiri kwamba presha ya mtu wa kinuni huenda inatoka hewani, wakati kila daktari anamwuliza mkewe anatia chumvi kiasi gani kwenye mchuzi?

Hapo ndipo watetezi wa utafiti wanaposhika pazuri. Uzoefu huona kidonda. Nyapara hodari anajua kwamba maji ya chumvi yakiingia kwenye ufa wa kisigino, mtu huyo kesho hatembei. Anajua pia kwamba mwanga hurudi kutoka chini, kwenye weupe wa chumvi, kofia isikusaidie kitu, na jioni macho yanawasha kama yaliyotiwa mchanga. Asichoweza kukijua kwa macho ni kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha kama figo zinachuja, ya mtu aliyesimama mbele yake akicheka. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya 2023 yanasema karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi, na kati yao milioni 2.6 hufa kwa magonjwa, 330,000 kwa ajali. Anayesimamia usalama kwa kutegemea daftari la ajali anaona kama sehemu moja kati ya tisa ya vifo anavyotakiwa kuvizuia.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Tamil Nadu ni Tamil Nadu. Kupima watu mara moja kunaonyesha kwamba joto na figo mbovu vimekutana mahali pamoja, ila hakuthibitishi kwamba hili limezaa lile. Figo huharibiwa pia na presha, na kisukari, na vidonge vya maumivu ambavyo mtu anavimeza kila jioni ili kesho aamke. Kisha kuna uchovu wa kuulizwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa wazi kuhusu kampuni za chumvi za Magarini mwaka 2005, ikatoa ripoti 2006. Wananchi walieleza habari za mashamba yao, visima vyao, na hali ya kazi madimbwini. Ni miaka mingi sasa. Aliyewahi kujieleza mbele ya tume, kisha akaona wanafunzi wa chuo wakija na dodoso, kisha mashirika na kamera, ana haki ya kumwuliza anayekuja na sindano ya kutolea damu: mwanangu, na safari hii mtatuletea nini?

Jibu la maana kwa hoja ya "kwao si kwetu" ni kupima kwetu. Uwezo hauko mbali: KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na washirika wake wa mfuko wa Wellcome wa Uingereza wanafanya utafiti wa afya mjini Kilifi tangu 1989, mwendo mfupi wa gari kutoka Malindi. Tena kipimo cha kwanza kinachohitajika hakitaki maabara. Wataalamu wa joto kazini hawatumii nyuzi zile tunazosikia redioni. Wanatumia kipimo kinachojumlisha vitu vitatu: kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji, kingine kilichotiwa ndani ya tufe jeusi linalopigwa na jua, na kile cha kawaida kilichowekwa kivulini. Kile cha kitambaa chenye maji ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vyote, asilimia 70 ya hesabu, kwa sababu kinaonyesha kama jasho linaweza kukauka. Pwani yetu hewa imejaa unyevu, jasho linateremka mwilini bila kukauka, na mwili haupoi. Nyuzi 33 za Malindi na nyuzi 33 za Garissa zinaweza kuwa kazi mbili tofauti kabisa, na kifaa cha kushika mkononi kinatosha kuonyesha hilo. Kampuni inayomiliki trekta haishindwi kukinunua.

Vijana wetu waliokwenda Doha wameona kipimo hicho kikigeuka sheria. Qatar ilikuwa na marufuku ya kazi za juani wakati wa kiangazi tangu 2007, lakini kwa kufuata kalenda na saa tu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Thessaly cha Ugiriki, wakishirikiana na Shirika la Kazi Duniani, waliwapima wafanyakazi huko kazini kwao. Mwaka 2021 kanuni zikabadilishwa: kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya nje tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kipimo hicho cha joto kikipita nyuzi 32.1, kazi inasimama siku yoyote, saa yoyote. Mtu anaweza kusema, tena kwa haki, kwamba sifa ya Qatar kwa wafanyakazi wageni si ya kuigwa, na kwamba kanuni ni jambo moja na kufuatwa kwake ni jingine. Sawa. Lakini hapo utafiti haukuishia kwenye jalada.

Je, kanuni hiyo ingefaa Marereni? Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, ndiyo, kesho asubuhi. Kwa kibarua anayelipwa kwa kipimo cha chumvi aliyovuna, hapana, na hapa ndipo ninapowapa vibarua haki yao. Ukimwambia mtu huyo apumzike dakika ishirini kila saa, umemwambia aache theluthi ya unga wa nyumbani. Atakwambia haumwi. Atakwambia amezoea. Atakuwa wa kwanza kuinuka kivulini, na nyapara akiulizwa atasema, kweli kabisa, kwamba hakumlazimisha mtu. Kisha utafiti unaandikwa kwamba wafanyakazi wana "mtazamo hafifu kuhusu usalama" na inapendekezwa wapewe mafunzo. Huo ni uonevu uliovaa koti la kitaalamu. Mtu anayekataa kupumzika kwa sababu pumziko linamkata mshahara amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Wapo waliojaribu kulikabili hili. Kwenye mashamba ya miwa ya Amerika ya Kati, ambako vijana walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa figo tangu miaka mingi, kampuni moja ya sukari ya Chichigalpa, Nikaragua, ilishirikiana na watafiti kuleta maji, kivuli na mapumziko ya lazima. Msimu uliofuata wakaongeza muda wa kupumzika, na madhara ya figo kwa wakataji wa miwa iliyochomwa, ambao kazi yao ni ngumu kuliko zote, yakapungua sana. Funzo ninaloliona ni kwamba kuleta maji peke yake hakutoshi. Mwili unahitaji muda wa kupoa. Kwenye jaribio jingine la El Salvador, lililochapishwa 2016, wakataji waliopewa maji, kivuli, mapumziko na panga lililoboreshwa walipanda kutoka tani 5.1 kwa siku hadi kufikia 7.3. Mameneja wanapenda sana takwimu hiyo ikisomwa, na mimi pia naipenda, ila tuwe waangalifu: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na panga lilibadilika pamoja na mapumziko. Huwezi kujua tani hizo zililetwa na kivuli au na makali ya chuma. Nisingemwahidi mwenye kampuni ya chumvi kwamba kivuli kitajilipa chenyewe. Pengine kitajilipa. Pengine hakitajilipa, na bado anapaswa kukiweka.

Kuna jambo moja la utafiti ambalo uzoefu wa hapa unaliendea kinyume, nalo nadhani ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, baada ya kuchunguza vifo vya joto kazini, inasema karibu nusu ya vifo hivyo hutokea siku ya kwanza ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto: moyo unajipanga upya, jasho linaanza mapema na linapoteza chumvi pungufu kuliko awali. Ushauri wao ni kwamba mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi nzito siku ya kwanza, aongezewe asilimia 20 kila siku. Sasa tazama desturi yetu. Kaskazi ikianza, vijana wanachukuliwa kwa wingi, wengine wametoka bara jana, wengine wamekaa miezi bila kazi, na siku ya kwanza ndiyo siku kila mmoja anataka kuonekana ngangari ili kesho aitwe tena. Nyapara anawachuja kwa macho: aliyelegea saa nne hana nafasi. Tumeugeuza muda wenye hatari kubwa kuliko wote kuwa mtihani wa kuajiriwa.

Kulirekebisha hilo hakuhitaji barakoa wala mtambo. Kunahitaji mgeni alipwe siku zake tano za kwanza kwa siku, asilipwe kwa kipimo. Gharama yake kwa kampuni inahesabika kwa kalamu na karatasi.

Maji nayo yanahesabika. Ushauri wa kawaida kwa kazi nzito ya joto ni robo lita kila dakika 15 hadi 20, yaani karibu robo tatu ya lita hadi lita nzima kwa saa. Vibarua 50 kwa saa sita wanahitaji lita 225 hadi 300, mitungi 12 hadi 15 ya lita 20, ifikishwe pale walipo, maana ikiachwa langoni kwenda na kurudi ni kipimo kimepotea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa. Inataka yafikike kwa urahisi, lakini haisemi yawe umbali gani na mkono wa mtu anayekwangua, na tofauti kati ya maji yaliyopo na maji yanayonyweka imo kwenye huo umbali.

Nije kwenye daftari. Fungua daftari la ajali la mahali pengi pa kazi, uangalie safu ya sababu. "Uzembe." "Hakuwa makini." "Hakuvaa gambuti." Mwandishi wa safu hiyo karibu kila mara ni msimamizi wa aliyeumia. Desturi hii ina babu yake. Mwaka 1931 Herbert Heinrich, mtu wa kampuni ya bima huko Marekani, aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali za kazini zinatokana na vitendo vya hatari vya watu wenyewe. Alitumia kumbukumbu za bima na za viwanda, nyingi zikiwa zimejazwa na wasimamizi, na wachambuzi wa baadaye hawakuweza kuzipata karatasi hizo ili wazikague. Hata hivyo takwimu yake ilifundishwa duniani kote kwa vizazi, na ukikaa kwenye semina leo unaweza kuisikia ikitajwa kama amri. Wanaowaonya watu wasiuamini utafiti kwa upofu wana mfano mzuri hapo. Lakini ajabu yake ni kwamba walioiondolea heshima takwimu hiyo ni hao wachambuzi waliotaka kuikagua upya, wala hawakuwa watu wa mazoea.

Mazoea yanayoonekana ya kisasa ni mabaya zaidi: bango langoni la siku zilizopita bila ajali, na zawadi ya mbuzi au fulana idadi ikifika mia. Mtu akikatika kidole siku ya 98, wenzake ndio watakaombembeleza aseme amekatikia nyumbani. Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka kwenye Ghuba ya Meksiko na kuua watu 11, wakubwa wa kampuni walikuwa wamefika juu ya mtambo siku hiyo hiyo, na moja ya sababu za ziara yao ilikuwa kuupongeza kwa miaka saba bila ajali ya kumkosesha mtu kazi.

Kuhusu mafunzo nitapita haraka. Taasisi moja ya utafiti wa kazi na afya ya Toronto ilipitia tafiti nyingi na kuchapisha muhtasari 2012: mafunzo hubadilisha matendo ya watu, lakini ushahidi haukutosha kusema yanapunguza majeraha na magonjwa. Anayetaka kuandaa semina aandae, chai ya hotelini haimdhuru mtu. Asijihesabie tu kwamba amemaliza.

Kamati za usalama zinanipa shida zaidi, kwa sababu nazipenda. Sheria yetu inataka kamati pale walipoajiriwa watu 20 au zaidi, na inahesabu watu wa mahali pa kazi. Kampuni inayochukua vibarua kupitia mawakala watatu haipaswi kudai kwamba kila wakala ana watu 15 tu. Madai yanafanywa hata hivyo. Na hata kamati ikiwepo, karatasi moja inaweza kuzaa matunda mawili tofauti. Orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani, ilijaribiwa kwenye hospitali nane za nchi nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likaagiza hospitali zake zote ziitumie. Utafiti wa 2014 wa hospitali 101 haukuona upungufu wa maana. Walioielezea tofauti hiyo wanataja mengi, moja likiwa kwamba mahali pa kwanza watu walikaa pamoja wakaizoesha kazini kwao, na mahali pa pili agizo lilishuka kutoka juu na kilichofuatiliwa ni ripoti ya kwamba imejazwa. Hao walikuwa madaktari na wauguzi. Kamati yetu ya chumvi, ambayo katibu wake ndiye afisa rasilimali watu na mjumbe wa vibarua hajui kama Jumatatu ataitwa kazini, itajaza fomu gani ya maana?

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wenzangu wanaotaka tuachane na wakaguzi wa serikali na tujenge "utamaduni wa usalama" ndani ya kampuni. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti wa California, ambako wakaguzi walikuwa wakichagua baadhi ya viwanda kwa bahati nasibu. Viwanda vilivyokaguliwa vilipunguza majeraha kwa asilimia 9.4 na gharama zake kwa asilimia 26 ukilinganisha na vilivyofanana navyo ambavyo havikukaguliwa, na haikuonekana kwamba vilipoteza ajira au mauzo. Hofu ya kwamba ukaguzi utafunga viwanda na kuwatupa vijana nje haina msaada kwenye takwimu hizo. Wenye kampuni watasema California ina wakaguzi wenye magari na faini zinazolipwa, na hapo wako sahihi: maafisa wa kurugenzi yetu ya usalama kazini ni wachache mno kwa sehemu za kazi zilizoko, na akitokea mmoja Magarini, habari humtangulia. Lakini hoja hiyo inatufikisha kwenye kuongeza wakaguzi, na kuwachagulia pa kwenda kwa kura, bila taarifa.

Nje ya kampuni, utafiti unakosa hata mlango wa kubisha. Malindi mjini kuna mafundi wa makuti, watu wanaokaa juu ya fito za paa la hoteli, goti moja limekunjwa, wakifunga kuti kwa mkono huu na kujishikilia kwa mkono ule, na chini hakuna chochote ila sakafu. Mwajiri wao ni nani? Fundi mkuu, ambaye kesho naye ni kibarua wa mwingine. Kwa watu kama hawa naona faida ya njia iliyoendelezwa tangu miaka ya 1980 na Shirika la Kazi Duniani kwa biashara ndogo, ambayo Mjapani Kazutaka Kogi ni mmoja wa walioijenga: usianze na kosa, anza na fundi wa jirani aliyekwisha kupata njia nafuu, mpige picha, wengine waje waone, kila mmoja achague jambo moja la kufanya wiki hii. Baadaye njia hiyo ilipelekwa kwa wakulima wa Vietnam. Wakosoaji husema inabandika viraka na kumwachia mwenye fedha aende zake. Kwa mashamba ya chumvi nakubaliana nao. Kwa paa la makuti, kamba moja iliyofungwa vizuri kwenye boriti ni bora kuliko sera.

Turudi Marereni basi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kikifuatwa, nusu ya ugumu niliousimulia unaondoka, kwa kuwa mtu wa mshahara akiambiwa apumzike hupumzika. Kampuni zitajibu kwamba kazi ni ya msimu, bei ya chumvi ni ndogo, na chumvi ya nje inangoja bandarini Mombasa. Huenda ni kweli. Basi tupime na hilo. Kaskazi moja, kampuni moja ikubali: kifaa cha joto kwenye dimbwi, watu wapimwe figo mwanzo na mwisho wa msimu na majibu wapewe wenyewe mikononi, nusu ya makundi yapandishiwe bei ya kipimo kiasi cha kufidia dakika za kivuli, nusu nyingine yaendelee kama kawaida hadi katikati ya msimu kisha nayo yapandishiwe. Hesabu ya tani na ya shilingi ifanywe na mtu ambaye halipwi na kampuni wala na wafadhili wa watafiti. Swali gumu litakuwa pale kwenye kupandisha bei: iwe asilimia ngapi, na itoke kwenye faida ya nani. Hilo linapaswa kujadiliwa na kukubaliwa kabla kipimajoto hakijafunguliwa kwenye boksi, vibarua wakiwa mezani na kauli yao ikiandikwa, maana tukiliacha hadi matokeo yatoke, tunajua ni nani atakayekuwa amekwisha kulilipa.